Mzee Yuko Loiyangalani, Faili Liko Mbagathi

(Hotuba iliyotolewa Nairobi mbele ya wanajeshi wastaafu, wajane wa wanajeshi na maafisa wa afya kutoka kaunti za mbali)

Maafande, mama zetu wajane wa wanajeshi, maafisa wa afya mliokuja kutoka Lodwar, Marsabit, Wajir na Hola: poleni na safari. Wengine wenu mmelala kwenye basi, kwa hivyo sitawazungusha.

Ukishuka hadi Kenyatta Avenue utazikuta zile sanamu tatu za askari na mpagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza. Maandishi yaliyo chini yake, ambayo yapo kwa Kiswahili pia, yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi. Mtaa wetu wa Kariokor ulipata jina kutokana na kikosi chao, Carrier Corps. Wengi wa wapagazi wale hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na lishe mbovu, njiani, mbali na daktari. Mstaafu anayeishi leo kando ya Ziwa Turkana au Mto Tana haogopi risasi tena, lakini ule umbali na daktari bado uko pale pale.

Kila wastaafu wakikutana, ombi huwa moja: tujengewe hospitali yetu. Hapo mimi siwaungi mkono, na naomba mnivumilie nieleze. Hospitali ya Kumbukumbu ya Majeshi ipo, pale Mbagathi. Lakini Lodwar iko karibu kilomita 700 kutoka hapa, Moyale zaidi ya 750, Mandera zaidi ya 1000, na hizo ni kilomita za mji hadi mji. Bado hatujahesabu kipande cha mwisho, cha kutoka mjini hadi nyumbani kwa mzee, ambacho watu hukipita juu ya lori la mbuzi au kwa boda boda. Matibabu hukwama kwenye kipande hicho. Hata tukijenga ghorofa kumi hapa Nairobi, hakipungui hata hatua moja. Pesa zikipatikana, tuziweke kwenye vitu vinavyoweza kusafiri: faili, dawa, fundi wa miguu bandia, na nauli. Mzee atibiwe kwenye zahanati iliyo karibu naye, aletwe Nairobi kwa yale tu yanayohitaji Nairobi kweli.

Nianze na faili, kwa sababu ndilo la bei rahisi na ndilo tunalolipuuza.

Mtu anayetumikia jeshi miaka 20 hutibiwa na jeshi miaka 20. Siku ya kuondoka anapewa cheti cha utumishi na barua za pensheni, na rekodi zake za matibabu zinabaki zilikokuwa. Miaka kumi baadaye anaingia zahanati ya kijijini. Nesi anamwuliza, "Mzee, umewahi kuugua nini?" Naye, kwa ile nidhamu ya kambini ya kutolalamika, anajibu, "Niko sawa, ni mgongo tu." Historia yote imeishia hapo. Nesi hajui kwamba ana kipande cha chuma begani, kwamba alipoteza fahamu gari lilipokanyaga bomu, wala kwamba aliwahi kuvimba uso alipodungwa penisilini.

Dawa yake ni karatasi moja ya A4, pande mbili. Upande wa kwanza: jina kama lilivyo kwenye kitambulisho cha taifa, namba ya jeshi, mwaka wa kuzaliwa, kundi la damu, dawa zinazomdhuru, magonjwa aliyonayo, dawa anazotumia na kipimo cha kila moja, upasuaji aliofanyiwa, na chuma chochote kilicho mwilini, kiwe skrubu za mfupa au vipande vya bomu. Hiki cha mwisho kiandikwe kwa wino mwekundu. Mashine ya MRI, ile ya kupiga picha za ndani ya mwili, ni sumaku kubwa, na kipande cha chuma kilicho karibu na jicho au mshipa kinaweza kusogea mgonjwa akiwa ndani. Mtu wa namna hiyo hupigwa eksirei kwanza, na daktari wa picha aamue. Upande wa pili ni wa mistari mitupu: tarehe, presha, sukari, uzito, dawa alizopewa, sahihi ya aliyempima.

Karatasi hiyo msiipige laminesheni. Najua tunapenda kuhifadhi vitu vizuri, lakini karatasi iliyofunikwa plastiki haiandikiki, na baada ya mwaka itakuwa inasema uongo. Itiwe kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu, wa saizi ya kitambulisho cha shingoni kikubwa. Nakala ya pili ikae zahanati. Ya tatu iwe picha kwenye simu ya mke au mtoto. Kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, mzee atie sahihi au dole gumba kukubali nakala ziende wapi. Na tafadhali, isipitishwe kwenye kundi la WhatsApp la chama. Tumeyaona hayo.

Habari za kujaza zitatoka wapi? Sheria ya Wanajeshi Wastaafu ya mwaka 2022 imewatambua wastaafu kama watu wanaostahili kushughulikiwa, lakini sheria haijazi fomu. Maombi ya rekodi za matibabu yatumwe jeshini kwa mafungu, watu 30 au 40 wa wadi moja kwa mpigo, yakiwa na namba ya jeshi na nakala ya kitambulisho cha kila mtu. Ombi la mtu mmoja mmoja hupotea. Fungu lina mwenye kulifuatilia.

Upande wa bima nitapita haraka. Tangu Oktoba 1, 2024 SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, ilichukua nafasi ya NHIF, ile bima ya afya ya zamani. Aliyejiandikisha, kwa *147# au kituoni, anatibiwa zahanati na kituo cha afya bila kulipa, kupitia hazina ya afya ya msingi. Kuanzia hospitali ya ngazi ya nne kwenda juu lazima mchango uwe umelipwa. Asiye na mshahara anapimwa uwezo wake, mchango haushuki chini ya shilingi 300 kwa mwezi, na unalipwa kwa mwaka mzima, yaani si chini ya 3600 kwa mara moja. Hapo ndipo wengi hukwama, na hapo ndipo vyama vya kuweka na kukopa vingesaidia zaidi ya kununua hema za mazishi. Walio kwenye mpango wa majeshi, DEFMIS, waulize mapema ni hospitali gani ya karibu inayoupokea na kama majina ya wategemezi yameingizwa. Kasoro zinazorudi kila mahali ni tatu ndogo. Jina la kitambulisho halilingani na la jeshi. Namba ya simu iliyosajiliwa ni ya kijana aliyehamia Nairobi, kwa hivyo ujumbe wa uthibitisho unamfikia yeye Githurai mzee akiwa dirishani North Horr. Na vidole vya mtu aliyeshika jembe na kamba maisha yake yote vimefutika alama, mashine haivisomi: vioshwe kwa maji ya uvuguvugu, vikaushwe, vipakwe mafuta kidogo sana, na vijaribiwe vyote kumi kabla ya kumwambia arudi kesho.

Sasa dawa.

Presha na sukari ni magonjwa ya kila siku. Ukimpa mtu vidonge vya siku 14 na anaishi kilomita 80 kutoka zahanati, umempa dawa ya siku 14 na mapumziko ya miezi miwili. Wenzetu wa kliniki za virusi vya ukimwi walilitambua hili zamani, wakaanza kuwapa wagonjwa waliotulia dawa za miezi mitatu hadi sita. Hakuna sababu ya kidaktari ya kumnyima mwenye presha iliyotulia utaratibu huo huo.

Lakini msihesabu miezi mitatu mitatu kama wahasibu. Hesabuni mvua. Kuanzia Machi hadi Mei, na tena Oktoba hadi Desemba, laga, ile mito ya msimu, zinajaa na barabara inafungwa, wakati mwingine kwa saa sita, wakati mwingine kwa wiki. Ratiba ya kila baada ya miezi mitatu lazima safari yake moja au mbili zikutane na maji. Tunapendekeza safari tatu za gari la dawa kwa mwaka: mwisho wa Februari, mwisho wa Juni, mwisho wa Septemba. Kutoka Februari 28 hadi Juni 28 ni siku 120. Kutoka hapo hadi Septemba 28 ni siku 92. Kutoka hapo hadi Februari 28 ni siku 153. Mgonjwa apewe dawa kulingana na pengo halisi, na mara ya kwanza aongezewe siku 14 za akiba ambazo haziguswi ila gari likichelewa.

Tuchukue soko moja linalokusanya wazee 60, na tuseme 40 kati yao wana presha inayotulizwa na kidonge kimoja cha amlodipini kwa siku. Safari ya Februari inahitaji 40 mara 134, yaani vidonge 5360, pakiti 54 za vidonge mia mia. Juni ni 3680, pakiti 37. Septemba ni 6120, pakiti 62. Afisa wa dawa anayeagiza kiasi kilekile kila mara atabaki na ziada Juni na atapungukiwa Septemba, kisha atasema wazee wanauza dawa. Wazee hawauzi dawa. Kalenda ndiyo haikuhesabiwa.

Katikati ya safari kuna wahamasishaji wa afya ya jamii. Tangu Septemba 2023 wamepewa mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari. Mikoba ni mizuri, ila betri huisha na vijiti vya kupimia sukari huisha upesi zaidi. Mashine ya presha nayo hudanganya ikitumiwa vibaya: mkanda mdogo kwa mkono mnene hupandisha namba, mkanda uliofungwa juu ya koti hauaminiki, na mzee aliyefika akitembea kwenye jua akapimwa papo hapo ataonekana mgonjwa kuliko alivyo. Akae dakika tano, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini bila kukunjana, mkono umelazwa usawa wa moyo, asiongee. Apimwe mara mbili kwa kupishana dakika moja au mbili.

Insulini ina shida yake, na hapa nitakaa kidogo. Chupa ambayo haijafunguliwa hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Iliyofunguliwa hukaa siku 28 hivi, mradi joto lisipite nyuzi 25 hadi 30 kutegemea aina. Lodwar saa nane mchana ni nyuzi 35 na zaidi, na nyumba ya mabati ni jiko. Friji ya sola ikae zahanati. Nyumbani tunatumia chungu ndani ya chungu. Chukua vyungu viwili vya udongo visivyopakwa rangi wala kung'arishwa, kimoja kiingie ndani ya kingine kibakize nafasi ya vidole vitatu kila upande. Jaza mchanga kwenye nafasi hiyo, mwagia maji hadi mchanga ulowe, weka insulini ndani ya chupa kavu yenye kifuniko, funika juu kwa kitambaa kibichi. Chungu kikae kivulini, kwenye upepo, juu ya mawe matatu ili hewa ipite chini. Maji huongezwa asubuhi na jioni. Maji yakikauka mchangani, ubaridi nao umekwisha, kwa sababu ni ule mvuke unaotoka ndio unaochukua joto. Kwa hivyo chungu hufanya kazi vizuri penye hewa kavu kama Turkana na Marsabit, na hufanya vibaya Lamu, ambako hewa imeshajaa unyevu na mvuke hauna pa kwenda. Watu wa pwani msiige; wekeni chupa zenu kwenye friji ya zahanati na mchukue moja moja. Na mahali popote, insulini iliyoganda hata mara moja hutupwa, hata kama imeyeyuka ikaonekana safi.

Miguu bandia. Wengi hudhani kazi imeisha siku mtu anapopewa mguu. Kigutu hubadilika, hasa mwaka wa kwanza: uvimbe hushuka, misuli hunywea, na soketi, ile sehemu ya kikombe inayoshika kigutu, inalegea. Mtu huongeza soksi za kigutu, moja, mbili, tatu, kila moja ikiwa na unene wake uliohesabiwa kwa tabaka. Zikifika tabaka 10 hadi 15, soksi hazisaidii tena, soketi mpya inahitajika. Mzee asiyeambiwa haya huongeza kitambaa cha shuka. Jasho, mchanga na shuka hutengeneza kidonda, na kidonda kwa mwenye sukari ni njia fupi ya kukatwa tena, juu zaidi.

Muuguzi wa zahanati anaweza kufanya mambo manne bila fundi. Apime mzunguko wa kigutu kwa utepe wa fundi cherehani, sehemu zilezile kila mara, na aandike. Ahesabu soksi. Atazame ngozi, ikiwemo ya nyuma ambayo mwenyewe haioni bila kioo. Amwambie aoshe kigutu jioni, asioshe asubuhi, kwa sababu ngozi iliyolowa huvimba kidogo na kuteleza vibaya ndani ya soketi. Kukiwa na kidonda, mguu uvuliwe na magongo yatumike hadi kipone. Hii ya mwisho wanajeshi hawaipendi kabisa. Semeni kwa sauti ya amri, itafuatwa.

Fundi naye lazima aende mara mbili. Mara ya kwanza anachukua umbo la kigutu kwa bendeji za plasta, na fundi mmoja mwenye msaidizi anaweza kushughulikia watu 6 hadi 8 kwa siku bila kulipua. Anarudi karakana kutengeneza soketi. Mara ya pili anaivisha, anairekebisha pale pale, na kumtembeza mtu kwenye changarawe, kwa maana sakafu ya hospitali si barabara ya Baragoi. Kati ya safari hizo kusipite zaidi ya wiki tatu au nne. Bajeti nyingi hulipia safari ya kwanza na kuahirisha ya pili hadi mwaka mpya wa fedha. Wakati huo kigutu si kile kilichopimwa, na soketi inabaki pambo la stoo. Kama pesa ni za safari moja tu, bora zisitumike. Apewe nauli aje Nairobi.

Masikio nitayasemea kwa kuwa hakuna anayeyasemea. Bunduki, mizinga na helikopta huharibu kwanza usikivu wa sauti nyembamba. Mzee anamsikia mwanamume mwenziwe vizuri, lakini sauti ya mwanamke na ya mtoto inamfikia ikiwa nusu. Wauguzi wengi wa zahanati ni wanawake. Anaelezwa: kidonge hiki asubuhi, hiki jioni, hiki usinywe na kile. Anaitikia kwa kichwa kila sentensi, kwa heshima, na anaondoka akiwa amesikia "asubuhi" na "kile". Kisha tunaandika kwamba mgonjwa hafuati maagizo.

Kumpima si kazi. Tazama kwanza kama sikio limeziba nta. Simama nyuma yake, umbali wa mkono mmoja ulionyooshwa, mwambie azibe sikio moja kwa kidole. Toa pumzi, kisha nong'ona mchanganyiko wa namba na herufi, kwa mfano "nne, K, mbili". Akikosea, nong'ona mchanganyiko mwingine wa vitatu. Asiporudia sawasawa angalau tatu kati ya sita, anahitaji kipimo kamili. Hata kabla ya kipimo, keti mbele yake aone midomo, punguza kasi, na mwambie akurudishie kwa maneno yake. Akipata kifaa cha kusikia, ulizeni betri. Vile vidogo vya duara hufanya kazi siku saba hadi 14, na hewa kavu ya kaskazini huvifupisha. Masikio mawili, betri siku 10: kwa zile siku 120 za kutoka Februari hadi Juni anahitaji 24. Bila hizo, ifikapo Machi kifaa kitakuwa kwenye kopo la vifungo.

Sasa la moyoni. Kutoka Oktoba 2011 wanajeshi wetu waliingia Somalia, na wapo humu waliopoteza wenzao kwenye kambi ya El Adde, Januari 2016. Ukiweka kliniki ya afya ya akili kwenye mji mdogo, yenye mlango wake na kibao chake, usitarajie mtu. Mji mzima utajua kabla hajaketi. Maswali yaulizwe kwenye meza ile ile ya presha, wakati mkanda umeshatolewa. Ni matano: mwezi huu uliopita, je, umeota au kukumbuka yale mambo bila kutaka? Umejitahidi kuyakwepa au kukwepa vinavyoyakumbusha? Umekuwa ukishtuka upesi, macho juu kila wakati? Umejihisi umekufa ganzi, mbali na watu? Umejilaumu au kulaumu wengine kwa yaliyotokea? Akijibu ndiyo kwa matatu au zaidi, apelekwe mbele. Asiandikiwe diazepamu ya kulalia na kuachwa. Inamlevya, haitibu kiwewe, na ikikutana na pombe inaweza kumwua. Akianzishiwa fluoksetini, dawa ya mfadhaiko na kiwewe, ajue mapema kwamba nafuu huchukua wiki nne hadi sita, na apewe vya kutosha kufika huko.

Ushauri nasaha kwa simu unafaa, na hauhitaji video. Simu ya kawaida inatosha. Tatizo ni kwamba vijiji vingi netiweki iko juu ya kilima kimoja, na juu ya kilima hicho wako watu wengine wanane wanaongea na jamaa zao. Hakuna mwanamume atakayelia pale. Zahanati ipewe antena ya kuvuta mawimbi na chumba kimoja chenye mlango unaofungwa, saa moja kwa wiki, na kwenye rejista iandikwe "presha". Huo si uongo mkubwa.

Kuna swali la sita, ambalo huulizwa kwa upole lakini huulizwa: una bunduki nyumbani? Huko kwetu wastaafu wengi ni polisi wa akiba na silaha ya serikali iko chini ya kitanda. Mtu anayesema hataki tena kuishi asilale na silaha hiyo. Zungumzeni naye kwanza, kisha kamanda au mzee anayemwamini aitunze hadi atulie. Asiogope kusema. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakiuka Katiba. Usiku, zahanati ikiwa imefungwa, namba 1199 ya Msalaba Mwekundu haitozi pesa.

Nauli sasa. Marekani, kwa sheria yao ya 2018, hawapimi maili tena: mstaafu akihitaji zaidi ya dakika 30 za gari kufikia daktari wa kawaida wa idara yao, au dakika 60 kwa bingwa, ana ruhusa ya kutibiwa hospitali ya kiraia iliyo karibu na idara ikalipa. Dakika hizo si zetu. Lakini wazo la kupima muda linatufaa, na sisi tuongeze msimu. Kilomita 40 za Garsen mwezi Februari si kilomita 40 za Garsen mwezi Mei.

Nauli ilipwe kwa M-Pesa, nusu kabla ya safari, nusu karatasi ikigongwa muhuri kliniki. Ukiahidi kulipa yote baadaye, asiye na kitu haanzi safari. Anayesikia vibaya, asiyeona vizuri na anayetembea kwa magongo walipiwe na msindikizaji. Bila hivyo hesabu ni ya mtu ambaye hatafika. Barua ya rufaa iwe na jina la kliniki, siku yake na saa, baada ya kupiga simu kuthibitisha. Msimtume mtu kutoka Laisamis afike Nairobi Ijumaa jioni.

Wajane na wake, nawataja mwishoni lakini kwenye orodha waandikwe kwenye mstari ule ule wa mzee. Wao ndio wanaojua vidonge vimebaki vingapi.

Maafisa wa Turkana na Marsabit, orodha zenu za wadi zinahitajika kabla ya Krismasi ili oda ya dawa iwahi gari la Februari. Fomu ziko kwenye meza pale mlangoni. Chini kabisa kuna nafasi ya namba ya simu ya pili. Jazeni hiyo pia, maana ya kwanza ukipiga mara nyingi imezimwa, iko kilimani inachajiwa.